Mstari wa Kwanza Uko Chini

Kwaru, kwaru, kwaru. Wembe ulikuwa unachonga penseli upande wa pili wa ukuta wa mbao, na adhana ya alfajiri ilikuwa bado.

Swabaha alifumbua macho akalala kimya akisikiliza. Hakutaka hata kujigeuza, kitanda kisije kikalia na mlio wa wembe ukakatika. Miaka sita, tangu marehemu mumewe Athumani azikwe, nyumba hii ya Ngarenaro haikuwa na sauti ya mtu asubuhi ila yake mwenyewe, na mtu hawezi kujisikiliza mwenyewe akaridhika. Sasa tangu Januari kulikuwa na huyu binti, Mwalimu Nice, mpangaji wa chumba cha uani, Mchaga wa Machame anayefundisha hesabu shule ya sekondari kule Kimandolu. Alikuwa akikohoa, akiangusha vitu, akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini ili asimsumbue mama mwenye nyumba. Mama mwenye nyumba alikuwa akitega sikio.

Alipomaliza kuswali, Swabaha aliwasha jiko akabandika chai ya tangawizi. Hakuna aliyemwomba. Mara ya kwanza alipopika chai ya watu wawili alijiambia amekosea kipimo. Mara ya pili hakujidanganya.

"Shikamoo, Mama Arafa."

"Marahaba, mwanangu. Umelala au umekesha na karatasi zako?"

"Nimelala kidogo." Nice aliingia jikoni akiwa amejifunika shuka mabegani, maana ilikuwa Julai, na Julai ya Arusha haina mzaha. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya Meru wiki ya tatu hiyo, mlima hauonekani, jua halionekani, na usiku hakuna nyota hata moja. "Nimechora tena. Haikubali."

Kilichokuwa hakikubali, Swabaha alikijua. Nice alikuwa ameomba nafasi ya kwenda kusoma elimu ya nyota katika chuo kimoja cha ng'ambo. Profesa wa huko alimjibu kwa barua nzuri, akamtumia kazi ya kumpima: picha ya kipande kidogo cha anga ndani ya diski, na ramani ya nyota ya kupiga msumari ukutani. Atafute kwenye picha nyota moja iliyozidi, ambayo kwenye ramani haipo, aandike iko wapi. Jibu lifike kabla Agosti haijaisha, la sivyo nafasi atapewa mwingine.

Tatizo ni kwamba picha yenyewe haikuwa picha. Nice aliipeleka diski kwenye chuo cha Makumira, kwa karani mmoja aitwaye Elisaria aliyekuwa na kompyuta na moyo mwepesi. Kompyuta ile haikujua kuionyesha. Ilichoweza ni kuchapa namba, mistari sitini, kila mstari namba sitini. Elisaria alizichapa nakala mbili bila kudai hata asante.

"Darubini yao haipigi picha kama mpiga picha wa Sokoni," Nice alikuwa amemweleza siku ile. "Inahesabu mwanga. Penye giza inaandika namba ndogo, penye nyota inaandika namba kubwa. Mimi napaka kila namba kwenye mraba wake kwenye karatasi ya grafu, picha inatokea."

"Sasa si umepaka?"

"Nimepaka. Nyota zimetokea kumi na moja. Lakini nikiilinganisha na ramani, hazifanani. Nimeigeuza hivi, nimeigeuza hivi, pande zote nne. Hakuna."

Swabaha aliipenda ile ramani. Mchana, Nice akiwa shuleni, alikuwa akiingia kufagia chumba, jambo ambalo halikuwa katika mapatano yao, na kila mara akisimama mbele yake. Siku moja alimngoja binti kwa hamu amwambie alichogundua.

"Mwalimu, hao wazungu wako wamekosea. Umeandika hapa kwa penseli mashariki, na ni mkono wa kushoto! Mimi sikusoma sana, lakini ramani ya Tanzania bahari iko kulia."

Nice alicheka mpaka akakaa kitandani. "Hawajakosea, Mama Arafa. Ramani ya nchi unaiangalia ukiwa juu, kama ndege. Ya nyota unaiangalia ukiwa chini, umelala chali, umeiinua usoni. Ndiyo maana mashariki inahamia kushoto."

Swabaha alifikiri kidogo. "Kumbe ni kama sweta. Ukiligeuza ndani nje, ua la kulia linakuwa kushoto."

"Ndivyo hivyo hivyo."

"Basi sisi tuko ndani ya sweta."

"Ndani kabisa," alisema Nice, "na bado baridi hii!"

Swabaha alilicheka jambo hilo siku mbili nzima, peke yake, akiosha vyombo.

Sweta alizijua kuliko kitu kingine. Sebuleni kwake, chini ya shuka la maua, ilikaa mashine ya kufumia ya sindano mia mbili, aliyonunuliwa na Athumani mwaka walipohamia kutoka Pangani. Miaka ile shule zote za mjini zilikuwa zikishonewa na kufumiwa hapa hapa. Kijani cha shule hii, bluu ya shule ile, mistari miwili shingoni. Wanafunzi walipanga foleni kupimwa vifua, wengine wakimaliza shule wanakuja kumwonyesha watoto wao. Kisha milango ya biashara ikafunguliwa, marobota ya mitumba yakaingia, na sweta la Ulaya lililovaliwa mara mbili likawa rahisi kuliko uzi wa kufumia jipya. Foleni ikafupika, ikawa mtu mmoja mmoja, ikaisha. Mwanawe Arafa aliolewa Muscat. Barua zake zilikuwa na salamu nyingi na tarehe ya kuja haikuwemo.

Swabaha naye hakuwahi kuandika, "Njoo." Alilelewa hivyo. Mama yake alikuwa akisema mgeni wa kuombwa anakuja na miguu tu, moyo kauacha kwake. Kwa hiyo yeye hamwombi mtu. Wateja walipoacha kuja aliwasalimia barabarani kwa tabasamu, akaenda zake.

Aliyekuja bila kuombwa alikuwa Maulida, jirani, muuza mitumba.

"Hodi! Bado hujaliuza hilo lichuma lako kwa wanunua skrepa?" Ndivyo alivyokuwa akiingia.

"Nitakuuza wewe kwanza," Swabaha alimjibu siku hiyo. "Kwa uzito ule ule nitapata zaidi."

"Haya, cheka. Shika hizi." Maulida alitupa mkekani sweta mbili zilizotoboka, moja nyeusi, moja nyeupe. "Zimetoka kwenye robota zimeliwa na nondo, hakuna wa kuzinunua. Fumua uzi wako."

Alikuwa akifanya hivyo kila mwezi. Mtu aliyeua biashara ya Swabaha ndiye aliyekuwa akimletea uzi, na hakutaka kushukuriwa. Ukimshukuru anatukana.

Jumatatu ya mwisho wa Julai, Nice alirudi kutoka shuleni na macho mekundu. Alikataa ugali.

"Nimeamua," alisema. "Nitamwandikia profesa kwamba naacha. Ijumaa nikipata nafasi naenda Posta. Mtu asiyeweza kulinganisha nyota kumi na moja na ramani anakwenda kusoma nini?"

"Usiseme hivyo, mwanangu."

"Nitafundisha tu. Mkuu wa shule ananitaka nibaki. Kama hutanichoka, Mama Arafa, nitakuwa mpangaji wako mpaka nizeeke." Alijaribu kucheka. Akasukuma mezani nakala ya pili ya namba za Elisaria. "Hizi washia jiko."

Swabaha alimwambia maneno ya kumpa moyo, yale wanayosema watu wote. Lakini kifuani mwake kitu kilikuwa kimefunguka kama ngumi iliyochoka kukazwa. Anabaki. Alipolitambua jambo hilo alijionea haya, akainuka kwenda kutazama kama mlango wa uani umefungwa, na ulikuwa umefungwa.

Hakuwashia jiko zile karatasi. Asubuhi, binti alipoondoka, alikaa nazo. Zilikuwa na mistari na hesabu, kama michoro ya sweta aliyokuwa akiifuata zamani. Akafikiri: mtoto huyu ana baridi na ana huzuni, nami nina uzi mweusi na uzi mweupe. Nitamfumia nyota zake, ajifunike mabegani. Kama hakuzipata kwenye karatasi azipate hapa.

Alifunua mashine, akaitia mafuta. Kila namba ndogo akaipa uzi mweusi, kila namba kubwa uzi mweupe. Kila namba akaipa vitanzi viwili kwa upana na mistari mitatu kwa urefu, kwa sababu kitanzi ni kipana kuliko kilivyo kirefu, na bila hivyo nyota zingebonyea. Na kwa kuwa mashine humwonyesha fundi upande wa ndani wa kitambaa, namba ya kwanza ya kila mstari aliiweka mkono wake wa kulia, ili nje itokee kushoto. Hayo hakuyafikiria. Mikono iliyafanya yenyewe. Jumanne kutwa alisukuma chuma cha mashine kwenda na kurudi, krrr, krrr, na Jumatano saa nane mchana alikata uzi.

Alikitandaza kitambaa kwenye kitanda cha Nice, akarudi nyuma akitazame. Nyota kumi na moja nyeupe kwenye giza. Tatu zimepangana juu kushoto kama mafiga, moja kubwa katikati, nyingine zimeteremka mstari kuelekea kona ya kulia.

Kisha akainua macho ukutani.

Mafiga yalikuwa pale pale, juu kushoto. Kubwa katikati. Mteremko ule ule kuelekea kona ile ile. Alihesabu kwa kidole za ramani, kumi. Akahesabu zake, kumi na moja. Iliyozidi ilikuwa chini ya ile kubwa, upande wa kulia, ndogo, imekaa peke yake.

Swabaha aliichukua karatasi ya grafu ya Nice mezani. Hapo mafiga yalikuwa chini kushoto. Aliliona kosa mara moja, kama ambavyo angeliona sweta lililofumwa kuanzia shingoni. Binti alikuwa amechukua mstari wa kwanza wa namba akauweka juu ya karatasi, kama mtu anayeandika barua. Yeye Swabaha alikuwa ameuweka chini. Na picha ile ilitaka kuanzia chini.

Angeweza kungoja mlangoni na kitambaa mikononi. Alifanya nini? Alikikunja, akakiweka ndani ya sanduku lake, chini ya kanga za Idi.

Jioni ile Nice alirudi akala ugali vizuri. Alisimulia vituko vya wanafunzi wake. Alisema mwezi ujao atapaka chumba chokaa kama mama anaruhusu, ataleta na mche wa kahawa kutoka kwao aupande uani. Mtu anayepanda kahawa haondoki mwaka huu wala mwakani. Swabaha alisema, "Panda, mwanangu," akamwongezea mboga.

Alhamisi ikapita hivyo hivyo. Alisema moyoni kwamba labda yeye ndiye aliyekosea, mwanamke wa darasa la nne atajua nini kuhusu nyota. Alisema huko ng'ambo kuna baridi kali na upweke, mtoto atateseka. Alisema mengi. Alfajiri ya Ijumaa alitega sikio ukutani akisubiri wembe, na wembe haukulia. Binti hakuwa na sababu tena ya kuchonga penseli.

Ukimya ule ndio uliomshinda. Alikaa nao mpaka kukapambazuka. Nice alipopita akiaga, bahasha mkononi, ulimi wa Swabaha ulisema tu, "Uende salama," kwa mazoea. Dakika kumi baadaye alikuwa amefungua sanduku, amejitanda kanga, anatembea upesi kuelekea Posta kwa magoti yake ya miaka sitini na tatu.

Maulida alimwona akipita. "We! Nani kafa?"

"Bado hajafa mtu!" alijibu bila kusimama.

Posta kulikuwa na foleni. Nice alikuwa wa tatu kutoka dirishani.

"Mama Arafa! Kuna nini nyumbani?"

Swabaha alipenya katikati ya watu. Alikikunjua kitambaa pale pale kwenye foleni. Nice alikitazama kwa upole, kama mtu anayetazama zawadi. Kisha upole ukatoka usoni. Alisogea karibu. Alianza kugusa nyota moja moja, midomo ikihesabu.

"Umeitoa kwenye ramani?"

"Kwenye namba zako. Zile za kuwashia jiko."

"Umeanzia wapi?"

"Chini. Ningeanzia wapi? Sweta halianzi shingoni."

Nice alifungua bahasha kwa meno, akatoa karatasi yake ya grafu, aliyokuwa ameiambatisha na barua. Aliipindua, ya juu ikawa chini, mgongo wa karatasi ukamtazama, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kupitia karatasi, nyota zikaonekana zilipotakiwa kuwa. Alisimama hivyo mikono imeinuliwa.

"Nimefundisha grafu miaka mitatu," alisema polepole. "Kila siku nawaambia watoto, anzieni chini, kona ya kushoto. Kila siku! Halafu mimi nikaletewa karatasi imechapwa, nikaisoma kama gazeti."

"Dada, unatuma hutumi?" aliuliza mzee mmoja aliyekuwa nyuma yao na shuka lake jekundu. "Mimi natuma."

"Pita, mzee wangu. Pita, situmi." Nice alimkumbatia Swabaha, akacheka, akalia. "Umefuma lini? Usiku wa leo?"

Hapo ndipo penye njia mbili. Swabaha alikuwa na jibu rahisi mdomoni, neno moja tu.

"Nilimaliza Jumatano," alisema. "Mchana. Nikaona kinafanana na ramani. Nikakificha."

Mikono ya binti ililegea mabegani mwake.

"Tangu Jumatano unajua?"

"Tangu Jumatano."

"Na juzi umenikalia mezani nikikueleza habari ya chokaa?"

"Nilitaka ubaki," alisema Swabaha.

Nice alikunja grafu yake ndogo, ndogo zaidi, akatoka nje. Alirudi nyumbani kwa njia yake na Swabaha kwa yake. Siku tatu walisalimiana tu. Shikamoo, marahaba, na mlango. Wembe ulilia kila alfajiri, na Swabaha aliusikiliza akijua kwamba sauti ile si yake tena. Aliendelea kupika chai ya watu wawili, kikombe cha pili anakiacha kwenye ngazi ya uani. Kilikuwa kikirudi kitupu na kimeoshwa. Aliichukua hiyo kuwa fadhila, na ilikuwa fadhila.

Siku ya nne Nice aliingia jikoni mwenyewe. Alikuwa amejitanda kile kitambaa cheusi, ambacho Swabaha alikuwa amekirudisha kwenye kitanda cha binti.

"Nimepeleka majibu," alisema. "Nimeandika nyota ipo namba ya thelathini na tisa kutoka kushoto, ya ishirini na mbili kutoka chini. Nimeandika na aliyeonyesha pa kuanzia. Fundi wa sweta, Ngarenaro. Nimemwandikia jina lako kamili."

"Kwa nini jina langu tena, mwanangu, baada ya nililokufanyia?"

"Kwa sababu ndiyo kweli." Alivuta kigoda akakaa. "Nilikasirika sana, Mama Arafa. Bado kidogo nimekasirika. Lakini hakuna mtu aliyewahi kunificha kitu kwa sababu anataka nibaki. Nyumbani tuko watoto tisa, mmoja akiondoka hakuna anayemshika."

Jibu la profesa lilikuja Oktoba, tiketi ikaja Desemba. Januari, Maulida alimletea msafiri koti zito la daraja la kwanza kutoka kwenye robota, akamtukana aliposhukuru. Vitu vya Nice viliingia kwenye begi moja. Ramani aliibandua, akaacha matobo manne ya misumari ukutani.

Mlangoni, teksi ikiwa imeshawashwa, Swabaha alimshika mikono yote miwili. Alikuwa amepanga kusema, "Uende salama," maneno aliyozoea kuwaambia wote: wateja, Arafa pale uwanja wa ndege, hata Athumani. Aliyaona maneno hayo yakija, akayapisha yakapita.

"Nice, mwanangu," alisema, neno moja moja, kama mtu anayesema lugha mpya. "Nakuomba. Ukirudi likizo, uje unitembelee. Na likizo ya pili, uje tena."